Mama Alipogeuka Kutoka Ukutani

Shemeji yangu alipofufuka katika hospitali moja ya Kitale, mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa mama mkwe wake, na jambo la kwanza alilofanya ni kufumba macho tena. Sista aliyekuwa akimsukuma kifua alidhani amekufa mara ya pili. Alirudisha mikono kifuani ili aanze upya, na hapo ndipo shemeji aliposema, kwa sauti ambayo sista anaapa ilikuwa ya mtu asiyeumwa na chochote, "Nifunikeni."

Mama mkwe huyo ni mama yangu mzazi. Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa, mwenye duka la mbegu na mbolea mjini Kitale. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Bungoma, ambako hutengeneza vipindi vya redio, na siku hiyo nilikuwa nikihariri mazungumzo kuhusu viwavi wa mahindi. Haya ninayoyaandika niliyakusanya baadaye kwa mama, kwa dada, kwa sista na kwa madaktari wawili, na pale wanapotofautiana nitasema.

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani hivi hivi. Hawapeani mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja hupata ghafla haja ya kuyakagua mahindi ya jirani. Hawatajani majina. Tangu shemeji alipokuja kuposa, mama humwita "yule mtu wa Kitale," hata kama mtu mwenyewe amesimama upande wa pili wa ua akimsikia. Naye humwita mama "wakubwa," kwa wingi, kama serikali. Wanapendana sana. Mbegu nzuri ya msimu hufika kwa mama kabla haijawekwa dukani, na kuku wa mama walio wanene huishia Kitale. Lakini mapenzi yao yote hupita kwa watu wengine. Kuona kifua cha mkwe wako, achilia mbali sehemu nyingine, ni jambo la kuitisha kikao.

Mama ana presha, na kliniki yake iko Kitale, kwa sababu dada hakuamini kwamba angeimeza dawa bila kusimamiwa. Kila siku ya kliniki mama huondoka Bungoma alfajiri na kurudi siku hiyo hiyo, maana kulala nyumbani kwa mkwe hakuwezekani. Akishuka Kitale hukuta pikapu ya shemeji ikimsubiri. Usukani hushikwa na jirani, mama na dada hukaa mbele, na mwenye gari hupanda nyuma pamoja na magunia, akiwa amekipa kioo cha dereva mgongo ili asimwone mama mkwe kichogo. Watu wa Kitale wamezoea kumwona. Wasiotujua hudhani ni mwizi wa mbolea amekamatwa.

Siku hiyo kulikuwa na baridi ile ya Kitale inayomfanya mtu azungumze akiwa amefunga meno. Pikapu iliingia hospitali, dada akashuka upesi kwenda maabara kuchukua majibu ya damu ya mama, jirani akaenda kutafuta pa kuegesha. Shemeji aliruka kutoka nyuma, akasimama, akakaa kwenye ngazi ya chumba cha dharura, akalala. Mama anasema alidhani anafunga kamba za viatu, kwa hiyo aligeukia upande wa pili kwa heshima. Alipogeuka tena, watu walikuwa wameshamwinua mkwe wake na kumwingiza ndani.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana ambaye hakuwa mtu wa huku. Alikuwa na msimamo wake, na katika hospitali ile msimamo huo ulijulikana kwa wote, kama mvua ya mchana ya Kitale: kwamba mtu anapopiganiwa roho, jamaa yake mmoja aachwe asimame ndani, aone. Kwa hiyo sista alitoka mlangoni akauliza huyu mgonjwa ana nani. Walinzi walimtazama mama. Mama alitazama maabara, ambako dada hakuonekana. Alitazama geti, ambako jirani hakuonekana. Akainua mkono, kama anayeomba ruhusa darasani.

Sista alimshika kiwiko na kumweka pembeni, karibu na ukuta. Alichofanya mama hapo hakijabishaniwa na yeyote. Alijifunika leso kichwani, akageukia ukuta, akasimama hivyo. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa yenye picha za mikono ikinawa kwa sabuni, na mama aliisoma yote, kisha akaanza tena juu. Nyuma yake alisikia mkasi ukikata shati. Shati hilo alilijua, ni yeye aliyelinunua sokoni Bungoma na kumpa dada alipeleke.

Daktari kijana alimwona amegeuka na akadhani anaogopa damu, ingawa damu haikuwepo.

"Mama, zungumza naye," alimwambia. "Mwite. Wengine husikia."

"Wewe," mama aliuambia ukuta.

"Mwite kwa jina."

"Wewe mtu wa huko."

"Jina lake, mama. Jina!"

Mama aliendelea kusoma karatasi. Daktari, ambaye mikono yake ilikuwa na kazi, alimwuliza sista kama wana hakika mama huyu anamjua mgonjwa. Sista akauliza, naye mama akajibu kwamba anamjua vizuri sana, ni baba ya wajukuu wake.

"Sasa jina ni nani?"

"Waulize wengine."

Wakati huo aliingia daktari mzee, mkubwa wa zamu, aliyesikia vurugu kutoka ofisini mwake. Yeye ni mtu wa kwetu, wa upande wa Bungoma kabisa. Alipomwona mama wa makamo amefunikwa leso akiusemesha ukuta, hakuhitaji kuelezwa.

"Huyu si ni mama mkwe? Nani amemwingiza mama mkwe hapa?"

"Ni jamaa wa mgonjwa," daktari kijana alisema bila kuinua kichwa.

"Jamaa gani, bana? Mtoeni."

"Mwacheni."

Walibishana hivyo huku wanafanya kazi, mmoja akishika mfuko wa hewa na mwingine akiandaa mashine ya kushtua moyo, na wote wawili wanakubali kwamba ubishi haukuwachelewesha hata kidogo. Sista anasema ulimsaidia, maana ulimpa mwendo wa kusukumia kifua. Mashine ilishtua mara ya kwanza, kimya. Wakasukuma tena. Daktari mzee alisema jambo kwa sauti ya chini, na mama, ambaye alikuwa amefika kwenye picha ya kusugua vidole gumba, aliielewa sauti ile. Ni sauti ambayo daktari mwingine aliitumia siku baba yetu alipokufa.

Mashine ilishtua tena. Mama aligeuka kutoka ukutani, akamtazama mkwe wake jinsi alivyokuwa, na akamwita. Alimwita jina la ubatizo, jina la ukoo, na jina moja la utani la ujana wake ambalo dada mwenyewe hakujua kwamba mama analijua. Sitayaandika hapa, yeye hajaruhusu na tayari yametajwa ya kutosha.

Kisha shemeji akafumbua macho. Yaliyofuata nimeshayaeleza.

Walimlaza wodini siku kadhaa, wakampa dawa, wakamwachilia na onyo. Daktari kijana alimwambia dada wazi kwamba moyo ule umeshasimama mara moja na unaweza kusimama tena. Asikose kliniki hata siku moja, dawa zitabadilishwa kadiri moyo unavyoitikia. Dada aliitikia kila neno. Shemeji alikuwa akitazama dirishani. Alipofika nyumbani alitangaza kwamba hatakanyaga hospitali ile tena.

Sababu yake ilikuwa kwamba kliniki ya moyo ni Jumanne, na kliniki ya presha ni Jumanne. Angekaa vipi benchi moja na wakubwa, baada ya yale? Dada alimwambia mabenchi ni mengi. Shemeji alisema macho ni yale yale.

Dada alipiga simu kwa mama amwombe ahamishie presha yake Bungoma. Hili lilionekana jambo dogo, lakini mama alikataa. Alisema akihama, watu watasema amehama kwa sababu alimwona. "Mimi sikuenda pale kuona mtu," alisema. "Niliingizwa." Dada akamwomba mume wake basi ahamie hospitali nyingine. Kliniki nyingine ya moyo ilikuwa mbali, na zaidi ya hilo, shemeji naye alikuwa na hoja: akihama yeye, atakuwa amekubali kwamba alionekana.

Hapo ndipo kikao kikaitishwa kwetu Bungoma, kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba. Baba mkubwa alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu na hawezi kukuambia ni saa ngapi bila kwanza kusikiliza pande mbili. Wazee walikaa uani, mama akakaa jikoni mlango ukiwa wazi ili asikie bila kuwepo. Shemeji hakuja. Alituma kondoo.

Kondoo huyo alizua matatizo mapema. Mzee mmoja alisema kumpokea ni kukubali kwamba kosa limetendeka, na kosa bado halijajulikana ni la nani. Mwingine akasema kumrudisha ni matusi. Wakakubaliana afungwe nje ya geti, kwenye nyasi za barabara, ambazo si za mtu.

Baba mkubwa alisema mila haina taabu na maiti. Mkwe akifa, mama mkwe humwona, humlilia, humgusa hata miguu, na hakuna anayeitisha kikao. Ukwe unamhusu mtu aliye hai. Kwa hiyo swali ni moja. Mama alipogeuka kutoka ukutani, yule mtu alikuwa amekufa au alikuwa amesharudi? Ikiwa alikuwa amekufa, hakuna kosa, mama aliona maiti, na kilichobaki ni kumkaribisha nyumbani mtu aliyerudi kutoka safari mbaya, tena kwa mnyama wa upande wetu. Ikiwa alikuwa amerudi, basi mama mkwe amemwona mkwe wake kifua wazi, mchana, mbele ya watu wa serikali. Hapo kondoo aingie, blanketi liletwe, maneno yasemwe. Na mpaka hilo liamuliwe, wawili hao wasikutwe chini ya paa moja.

Dada, aliyekuwa amesafiri kutoka Kitale kwa ajili hiyo, alisema kliniki ya moyo na ya presha ziko majengo tofauti. Baba mkubwa akauliza kama kuna kinachoyaunganisha. Dada alikiri kuna njia iliyoezekwa mabati ili wagonjwa wasinyeshewe.

"Mabati ni paa," baba mkubwa alisema, na wazee wakatikisa kichwa kwa huzuni.

Dada alisimama. Yeye si mtu wa kusimama mbele ya wazee, na hata sauti hakuipandisha.

"Endeleeni kupima kama alikufa," alisema. "Dawa ziko karibu kuisha. Akikufa tena hamtahitaji kuuliza mtu."

Kutoka jikoni tulisikia mwiko ukiwekwa chini. Baba mkubwa akanigeukia mimi, akasema kwamba kazi yangu si ni kuuliza watu maswali, basi niende nikawaulize madaktari, na nisirudi na maneno ya redio.

Nilianza na daktari ninayemfahamu hapa hapa Bungoma, ambaye hakuhusika, ili nijue swali langu ni la kipuuzi kiasi gani. Hakucheka. Alisema madaktari wamegawanyika kuhusu jamaa kukaa ndani kuliko walivyogawanyika kuhusu siasa, na kwamba yeye ana njia yake. Jamaa akiomba kuingia, humwuliza kama amewahi kuchinja kuku kwa mkono wake. Akisema ndiyo, anaingia. Akisema hununua aliyechinjwa, anakaa nje. Nilimwuliza vipi kuhusu wasiokula nyama. Alisema bado hajampata hata mmoja.

Kitale, daktari mzee alinikaribisha chai ofisini na kunieleza kwa nini hataki jamaa ndani. Aliwahi kumruhusu mwanamume mmoja mnene akae na mke wake. Yule bwana alizimia, akagonga kabati wakati akianguka, na daktari akajikuta na wagonjwa wawili na kitanda kimoja. Mara nyingine aliingia mama wa kanisa akaanzisha wimbo. Nusu ya masista waliokuwa pale ni wa kwaya ile ile, wakaupokea kwa sauti zote nne, na mikono yao ikafuata wimbo. Kifua hutakiwa kusukumwa upesi upesi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa maziko.

"Nilipiga kelele, wakabadilisha wimbo," alisema. "Sasa hiyo ni kazi ya daktari?"

Nilimwuliza kuhusu shemeji. Aliweka kikombe chini. Alisema aliitazama skrini mwenyewe, na mapigo yalikuwa yamerudi kabla mama hajageuka. Mashine ilifanya kazi yake, moyo ukashika, halafu ndipo mama akageuka na kumwita mtu aliyekuwa amelala tu.

Nilimwambia yeye ni mtu wa kwetu na anajua jibu hilo linamaanisha nini nyumbani.

"Najua sana," alisema. "Lakini siwezi kumuua mtu ili kuokoa kondoo."

Daktari kijana nilimpata akila ndizi amesimama, kati ya wodi na wodi. Alisema walio nje husikia vyuma vikigongana na watu wakipaza sauti, halafu mtu hutoka na kuwaambia poleni, na mioyoni mwao hujua kabisa kwamba madaktari wamemuua. Aliyekuwa ndani amewaona wakitoka jasho. Aliwahi kwenda mazishi ya mgonjwa wake, akijua kwamba huko kuna wajomba wenye maneno makali, na kabla hajaketi, mjane, aliyekuwa ndani siku ile, alimshika mkono akamzungusha kwa kila mtu akisema huyu ndiye aliyepigana na kifo mpaka viatu vikamtoka. Viatu vilimtoka kweli, alisema. Tangu hapo huvaa vya kamba.

Kuhusu shemeji, yeye alikuwa na hakika kinyume cha mwenzake. Mama aligeuka, mama aliita, na ndipo mstari ukapanda. Alikuwa akiutazama. Hakusema ni sauti ya mama iliyomrudisha, yeye ni mtu wa sayansi, lakini pia hakusema si hiyo.

"Kwa hiyo alikuwa amekufa?" niliuliza.

Alitafuna pole pole. Alisema moyo kusimama ni jambo moja na kufa ni jambo jingine, mtu hafi mara moja kama taa, kuna muda wa katikati. Nilimwomba amweleze hayo baba mkubwa mwenyewe, nikampigia simu na kuwaunganisha. Alimweleza vizuri, kwa heshima, na baba mkubwa alimsikiliza bila kumkatiza.

"Daktari, nipe kwa ufupi," baba mkubwa alisema mwishowe. "Alikuwa amekufa?"

"Kidogo, mzee."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Daktari alinirudishia simu.

Mashine yenyewe haisaidii. Ni ya zamani, haihifadhi chochote, ukiizima imeshasahau. Sista naye hakuona. Aliniambia yeye alikuwa akihesabu, na akihesabu hamtazami mtu usoni wala skrini, anatazama mikono yake, la sivyo anapotea na kuanza upya. Nilimsihi. Alikumbuka tu kwamba sauti ya mama ilimshtua kuliko ya mashine.

Waliobaki wanaoweza kuamua jambo hilo walikuwa wawili. Nilimwuliza shemeji dukani kwake, tukiwa tumetenganishwa na magunia ya mbolea. Alisema hakumbuki kitu chochote mpaka alipomwona "wakubwa" juu yake, wamefunguka leso, wanalia. Mama nilimwuliza nyumbani: alipogeuka, kabla hajaita, macho ya yule mtu yalikuwa yamefumbwa au yamefumbuka? Alikuwa akichambua maharagwe. Alisema maharagwe ya mwaka huu yana mawe mengi.

Nilirudisha taarifa yangu kwa baba mkubwa, daktari mmoja huku na mmoja kule. Aliipokea kama mtu aliyeletewa kuku nusu. Akasema kesi imeahirishwa.

Wakati huo dawa za shemeji zilikuwa zimeisha. Dada aliniambia amemsikia akipumua vibaya akipanda ngazi ya stoo, na alipomwuliza alisema ni vumbi la mbolea. Nilimwambia mama hivyo hivyo, bila kupunguza. Tulikula kwanza. Kisha alinituma Kitale na ujumbe, na akanifanya niurudie mbele yake ili nisiuharibu. Yule mtu aende kliniki Jumanne. Yeye mama hataingia chini ya paa. Atakaa nje ya ua wa hospitali, kwa akina mama wauza mahindi ya kuchemsha, ameelekea barabarani, mpaka mtu huyo amalize na aondoke. Ndipo yeye aende kwenye presha yake.

Jumanne hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama alikaa kwenye debe lililopinduliwa, chini ya mwavuli, akitazama lori likikwama kwenye tope. Baba mkubwa alikuwa ameulizwa kuhusu mwavuli kwa simu, na baada ya kufikiri alisema mwavuli unatembea, kwa hiyo si paa. Wauza mahindi walimwuliza mama kwa nini hangoji ndani kama watu. Aliwaambia ndani kuna mtu wake.

Shemeji alipita getini ndani ya pikapu, mbele kabisa, kwenye kiti cha abiria, mahali ambapo sikumbuki kumwona amekaa siku ya kliniki. Alipofika usawa wa mwavuli alimwambia jirani apunguze mwendo. Hakutazama nje. Alivua kofia tu, akaishika mapajani, na gari likaingia.

Niliingia naye kwa daktari pamoja na dada. Daktari kijana alimpima, akamkaripia kuhusu dawa, akambadilishia moja, akasema moyo umechoka lakini unafanya kazi. Kisha akakunja mikono na kumwuliza jambo ambalo, alisema, siku hizi humwuliza kila mtu ambaye moyo wake umewahi kusimama. Likitokea tena, angependa jamaa awemo ndani, au wote wabaki nje? Hakuna jibu baya.

Dada alijinyoosha kitini, tayari. Ni mke wake, na miezi hiyo yote alikuwa amemwuguza na kugombana na wazee kwa ajili yake.

"Nataka yule yule," shemeji alisema.

"Yupi?" daktari aliuliza, ingawa nadhani alijua.

"Aliyeniita."

Dada alimtazama mume wake, kisha akanitazama, kisha akaanza kucheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja. Shemeji alijitetea kwamba dada angelia tu, na mtu anayelia hawezi kuita. Halafu akanigeukia mimi, na kwa sauti ya kutuma mtoto dukani akasema, "Kawaulize wakubwa kama watakubali."

Nilitoka nje kwenye mvua nikamwuliza mama. Nilimwambia yote, pamoja na neno "aliyeniita." Alinisikiliza hadi mwisho akitazama lile lori, ambalo sasa lilikuwa likisukumwa na wanaume wengi wasiosikilizana. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana, na mimi ninayemjua nilitegemea hapana. Aliniambia kwanza nimwambie yule mtu asipande ngazi za stoo akiwa amebeba gunia. Kisha akauliza kama chumba kile cha dharura kina mlango wa pili, wa nyuma, ambao mtu anaweza kuingilia hadi upande wa kichwa cha mgonjwa bila kupita miguuni.

Sijui. Sijawahi kuingia. Nimemwuliza sista, anasema upo lakini umezibwa na kabati. Daktari mzee anasema amefanya kazi pale tangu jengo likiwa jipya na haujawahi kuwepo. Daktari kijana ameahidi kwenda kuangalia.